Kamba ya Mzee wa Viazi

Mama mshonaji alimjua jirani yake kwa viganja, vipana na vigumu kama soli ya kiatu. Kila msimu mzee yule alifukua viazi vya bustani yake kwa vidole vitupu. Jembe hataki, “jembe halina huruma.” Kila kiazi alikipangusa, akakigeuzageuza juani, na chenye doa la kijani alikitupa kule akifoka, “Sumu hiyo!”

Leo asubuhi alimpitishia beseni juu ya ua, kama ada yake. “Shika, mwanangu. Nimekuchagulia.” Mshonaji akachungulia, akapigwa na butwaa. Viazi vya juu vilikuwa kijani kibichi kama majani. “Babu, hivi umeviangalia?” “Kimoja kimoja!” mzee akajibu kwa majivuno, tabasamu lake likielekea dirishani, si kwake. Mzee akageuka, akaipapasa ile kamba iliyofungwa toka mlango wa jiko hadi kwenye matuta, akaifuata taratibu mpaka ndani. Miezi saba mshonaji alikuwa akiicheka: kamba gani ya nguo, haianikwi hata leso!