Alama Nyeupe kwenye Propela

Nilimwita fundi wangu mwizi mbele ya watu wanne, na mmoja wao alikuwa anakula chapati. Naliweka hilo mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba mimi ndiye mwema wa kisa hiki.

Pikapu yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Ni gari la zamani, na Juba ukitaka kujua kama gari linatetemeka lazima kwanza utafute barabara isiyolitetemesha. Huku Atlabara ninakoishi hutajua lolote, maana kila kitu kinatikisika, hadi meno. Lakini mtetemo huu ulikuwa mgeni. Ulikuja pale tu nilipopata lami na mshale wa mwendo ukagusa sitini. Ulianzia sakafuni, ukapanda kwenye kiti, ukanikaa kiunoni.

Nilikuwa nimetoka Nairobi, siku tisa za kusahihisha tasnifu za watu na kung'olewa jino. Siku hizo tisa gari lilikaa kwa rafiki yangu. Si rafiki wa juzi huyu. Tulikulia Kenya pamoja, na muhula mmoja vitanda vya bweni vilipopungua tulilala kitanda kimoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Nchi ilipopata uhuru tulirudi Juba kwa basi moja. Mwanawe wa kwanza huniita baba mdogo. Aliponirudishia funguo nilimwuliza kama gari lilimsumbua.

"Hata kidogo, bwana. Kanisani, sokoni, nyumbani. Limepumzika kuliko wewe."

Nilipomweleza kwa mara ya tatu habari ya mtetemo, alifikiri kidogo. "Huyo fundi wako Mganda," akasema. "Si ulimwachia gari kabla hujasafiri?"

Kweli nilimwachia, abadilishe oili.

"Basi ametoa zile raba za kushikilia injini, za asili, akakuwekea za kuchonga kutoka tairi kuukuu. Wewe umesoma sana, ndiyo maana watu wanakula kwako."

Nilipenda hapo pa kusoma. Nikaenda Nyakuron kwa fundi, nikasema niliyosema.

Fundi hakupandisha sauti. Ametengeneza gari hilo miaka sita, kwenye uwanja wake wenye kontena moja na kivuli cha turubai. Alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwalimu, wewe nasema mimi naiba?"

"Nasema raba za injini zimebadilishwa."

"Sawa. Tuulize gari. Yeye hapana ogopa mtu."

Alifungua boneti, akachukua kikombe cha chai cha yule mla chapati bila kumwomba, akakiweka juu ya injini. Akaniambia nikanyage mafuta gari likiwa limesimama. Injini ikanguruma, ikapanda, ikashuka. Chai ikafanya viduara vidogo. Haikumwagika.

"Raba kama imekufa, chai imekwenda," fundi akasema.

"Na wewe ungekwenda nayo," mla chapati akamjibu, akiokoa kikombe chake.

Kisha fundi akaingia upande wa abiria, tukavuka daraja hadi barabara ya Nimule, ambako lami inaruhusu mtu kufikiri. Kwenye sitini mtetemo ukaja. Akaniambia nitoe gia, niache gari lijiendee. Injini ikatulia ikawa kama inanong'ona. Mtetemo ukabaki vilevile.

"Unaona? Injini amelala. Shida iko macho. Shida iko nyuma ya giaboksi."

Nieleze hapa kwamba chuoni nafundisha mbinu za utafiti. Kila mwaka nasimama mbele ya vijana nikiwaambia kwamba chanzo hakitajwi kabla vingine havijaondolewa, kimoja baada ya kingine, na kwamba neno la mtu si ushahidi. Nilirudi Nyakuron bila kumtazama abiria wangu.

Akapandisha gari kwa jeki, akatandika boksi lililokunjuliwa, tukalala chini bega kwa bega. Propela ni ule mhimili mrefu wa chuma unaopita chini ya gari kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Una sehemu mbili zinazoingiana, na fundi huyu ana desturi yake: kabla ya kuifungua anapiga mstari wa rangi nyeupe unaovuka kiungo, ili siku ya kurudisha kila upande umkute mwenzake pale pale alipokuwa. Ukiirudisha ovyo, inazunguka kwa kupigana na yenyewe.

Akamulika tochi ya simu. Nusu ya mstari ilitutazama. Nusu ya pili hatukuiona mpaka alipozungusha propela. Ilikuwa upande wa pili kabisa.

"Rangi ni yangu," akasema. "Lakini mimi hapana funga hivi. Mtu amefungua, amerudisha kama kipofu." Akasogeza mwanga mbele. Boliti za giaboksi ziling'aa, hazina tope lolote, na jirani zake zote zilikuwa zimevaa tope la masika mawili. "Giaboksi imeshuka; mtu nashusha hiyo kubadilisha klachi. Hapa iko klachi mpya, mwalimu. Nani ameweka?"

Tangu nirudi nilikuwa nimeona pedali ya klachi imekuwa laini. Nilidhani mguu wangu ndio uliopumzika Nairobi.

Klachi haifi kati ya kanisa na soko, na hata ikifa huko, mtu husema.

Nilipotoka chini ya gari nikamwomba fundi msamaha.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Ulinitukana mbele ya watu. Huyu ya chapati hajasikia."

Nikasema kwa nguvu. Mla chapati, aliyekwisha kumaliza na kubakia kwa ajili ya burudani tu, akaitikia amina. Fundi akafungua propela, akaigeuza mpaka mistari ikakutana, akakaza, kalas, kazi imekwisha.

Nikaendesha moja kwa moja hadi mtaa wa Juba Na Bari, kwa rafiki yangu. Alikuwa barazani na mkewe.

"Klachi yangu ilifia wapi?" nikamwuliza, salamu bado.

Alimtazama mkewe. Mkewe akanyanyua sinia, akaingia ndani nalo.

"Karibu na Liria," akasema. "Tukitoka Torit."

"Torit, zaidi ya kilomita mia, ulikwenda kanisa gani?"

Hakucheka. Akanieleza huku akitazama mikono yake. Walikwenda kumposea kijana: yeye, kaka zake, wazee wawili wa ukoo na zawadi zao, wote ndani ya gari langu. Klachi ikaungua wakirudi, ikawekwa mpya na fundi wa njiani.

"Kijana yupi?" nikauliza, ingawa mwenye umri wa kuoa ni mmoja tu, yule anayeniita baba mdogo.

"Tungekuambia."

"Lini?"

"Ni wazee walisema usije, ndugu yangu. Unajijua. Ile posa ya mpwa wangu, baba wa msichana alipotaja digrii ya bintiye, wewe ukasimama ukasema basi na ng'ombe walete vyeti vyao. Siku mbili tulikaa tunaomba radhi."

"Watu walicheka."

"Wa upande wetu."

Ndani, vikombe viliacha kugongana. Mkewe alikuwa anasikiliza.

"Kwa hiyo ulisubiri nisafiri."

"Uliponiambia unakwenda Nairobi," akasema, "nilipiga simu Torit siku hiyo hiyo."

Angeweza kunidanganya hapo, na ningemshukuru. Gari langu lilialikwa. Huenda lilipigiwa vigelegele. Mwenye gari alikuwa Nairobi ameachama mbele ya daktari wa meno.

"Na fundi? Alikukosea nini?"

"Ulikuwa unauliza kila siku, bwana. Nilihitaji kusema kitu."

Nilisimama. Naye akasimama, akanishika mkono wa shati kama zamani bwenini.

"Harusi ni Desemba. Utakaa mbele kabisa. Na gari lako ndilo litamchukua bibi harusi, tumeshawaahidi."

"Gari litakuja," nikamwambia. "Fundi ataliendesha."

Akaanza kucheka, kisha akaniangalia vizuri, akaacha.

Njia nzima nilijipongeza kwa jibu hilo. Gari lilikwenda laini, na mimi nikalirudia jibu langu kwa sauti, nikilinoa, nikifikiria nani nimsimulie kwanza. Wa kwanza aliyenijia akilini ni yeye mwenyewe, rafiki yangu. Baadaye nikawaza wale wazee wawili: wangekuwapo barazani wangetazamana tu, na kila mmoja angejua mwenzake anasema nini. Walikuwa na haki kuhusu ulimi wangu. Nilitarajia hilo lipunguze uchungu. Halikupunguza.

Kesho yake nilimpa fundi habari za Desemba, kwamba anatakiwa kumwendesha bibi harusi kwenye pikapu yangu. Akafurahi, akauliza kama avae suti. Kisha akauliza, "Na wewe, mwalimu? Wewe nakaa wapi?"

Nikamwambia bado nafikiria. Akarudi kwenye kazi yake.