Aliyevaa Kikwembe Changu Majini

Wengine wanasema jua njo lilinipiga kichwa siku ile. Jua! Mimi niliyezaliwa Kalemie, nikaogeshwa na maji ya ziwa hili kabla sijaota meno, jua linipige? Nilikuwa muzima, nilikuwa nimekula vizuri, sikuonja pombe hata tone. Ninayowaambia ni yale macho yangu yaliyaona, tena muchana kweupe.

Mudogo wangu wa kike alikuja kwangu vakansi, shule zikiwa zimefungwa, na mutoto wake wa miaka sita. Yeye alitoka hapa akingali mudogo sana, akakulia Lubumbashi, na mudomo wake hauna breki. Hajamaliza hata kuweka mizigo chini, akaniuliza mimi mukubwa wake, “Yaya, huku kuna nini cha kuonyesha mutoto?”

Kuna nini? Neno hilo liliniuma, siwafichi. Kesho yake saa kumi na moja asubuhi nikawaamusha wote wawili, nikawapandisha kilimani kwenye nyumba za zamani, tukaangalia jua likitoka upande wa Tanzania na kuwasha ziwa lote. Mudogo wangu akamubeba mutoto aone vizuri. Nikawashusha kwenye gare ya treni, mutoto akajifanya treni mpaka mulinzi akacheka. Tukaenda port kuangalia boti ya Kigoma ikishusha mizigo, tukala samaki mikebuka wa kuchoma na bukari, ugali wetu, halafu nikawapeleka Lukuga, pale muto unapotoka ziwani. Nikamwambia mutoto, “Ziwa lote hili, refu hivi, muto wa kutoka ni moja tu, na uko kwetu.”

Akafungua macho. “Kwetu kweli, Mama mukubwa?”

“Kwetu kweli.” Nilijisikia kama mimi njo nililichimba ziwa lenyewe.

Saa sita tukafika plage, kwenye muchanga kando ya ziwa. Sasa musikie vizuri. Sisi watu wa kando ya maji tuna kitu wazazi walitufundisha: mutoto akikaribia ziwa, haumuiti jina lake. Unamuita Mugeni. Mama yetu alisema jina likianguka majini, yuko mwenye kuliokota. Basi nikamwambia mutoto, “Hapa wewe ni Mugeni,” akafurahi, akaanza kuchimba muchanga hatua chache mbele yangu.

Mudogo wangu akatoa telefone kupiga video. “Yaya, sema kitu, watu wa Lubumbashi waone!”

Ee, hapo kichwa kikavimba. Nilikuwa nimevaa kikwembe kipya chenye maua ya manjano. Nikafungua mikono, nikasimama mbele ya maji, nikapiga kelele nikitaja majina ya yule mutoto, yote matatu, kama muntu anayemutangaza waziri, na mwishoni nikaongeza, “Amefika kwao!”

Hilo njo kosa langu. Si la ziwa, si la mudogo wangu. Nilijua, na nilifanya.

Mawimbi yakatulia. Halafu nikasikia muntu anamuita mutoto kwa majina yale yale matatu, kutoka majini. Na sauti ilikuwa yangu.

“Niko hapa, Mama mukubwa!” mutoto akajibu, akasimama, akaingia.

Niamini, mimi sikuwa nimefungua mudomo. Nikatazama. Mwanamuke amesimama majini mpaka kiunoni, uso wangu, kitambaa changu cha kichwa, kikwembe changu cha maua ya manjano. Tena kikavu. Anafungua mikono na anacheka kama mimi ninavyocheka.

“Yaya, muko wawili!” mudogo wangu akalia nyuma yangu, telefone ikaanguka.

Nilikimbia. Nilimufikia mutoto maji yakiwa yamefika kifuani mwake, nikamushika mukono wa kulia. Yule mwingine alikuwa ameshashika wa kushoto. Mutoto akaniangalia, akamwangalia yeye, akaanza kulia, maana hakujua amukimbilie nani. Ndugu yangu, ungefanya nini? Nilivuta, naye hakutikisika hata kidogo.

Akaniambia polepole, kwa sauti yangu mwenyewe, “Wewe mwenyewe njo umeniletea jina. Nirudi bila kitu?”

Niliogopa sana, lakini hasira ilipita woga. Mutoto huyu nilimuita mimi, nikamuambia ni kwao. Nikamwambia, “Achana naye. Chukua langu. Langu ni la bibi yangu, ni kubwa kuliko lake.” Nikamutajia.

Akalirudia taratibu, kama muntu anayeonja chumvi ya mboga. Kisha akamuachilia mutoto. Nikaona maua ya manjano yakishuka chini ya maji, halafu sikuona kitu.

Mutoto ni muzima, anasoma Lubumbashi, na mama yake haulizi tena huku kuna nini. Mimi njo sina jina. Juma lile la kwanza bwana yangu aliniita akiwa jikoni, kwa jina langu, na alikuja kunikamata barabarani, pekupeku, ninashuka ziwani bila kujua. Tangu hapo nyumbani mimi ni Mama tu. Kanisani wananiita kwa jina la muzaliwa wangu wa kwanza. Kwenye biro za serikali ninaonyesha karatasi kwa kidole na kuomba wasilisome kwa sauti. Ninalikosa, siwezi kuwadanganya. Mama yangu aliniita jina lile siku aliyofariki, na hakuna tena atakayeniita.

Lakini musinihurumie. Nilitoa kwa mudomo wangu, na kila Yenga, nikitoka kanisani, bado ninazungusha familia za wageni katika muji huu, na hakuna aliyerudi kwao akisema hakuona kitu. Leteni watoto wenu. Waje waone jua, waone boti, wale samaki. Ila mukikanyaga muchanga, majina yabaki mudomoni, na mutoto akisikia anaitwa, asijibu mpaka amuone anayemuita amesimama pakavu.

Yule mutoto hunipigia simu. Kila mara anajitaja kwanza, majina yake yote matatu, kwa sauti kubwa, kama mimi siku ile. Mimi namwambia angoje kidogo, ninaenda kufunga dirisha la upande wa ziwa, kisha ninarudi kumusikiliza.