Makombe ya Bibi

Kaka, hata ukicheka, chaza wanarudi. Unasema si mihogo, eti mtu hawezi kuwapanda. Mimi nimewaona wakiota kwa macho yangu, wewe ulikuwa Maramba kwa mjomba. Na rundo lile la makombe yao matupu nyuma ya nyumba unataka kumpa mchoma chokaa, upake ukuta wa chumba chako!

Basi wewe unayesoma, nisikilize. Nilikuwa na miaka tisa. Mawe ya kule nyuma ya bandari yalishakuwa matupu. Watu walibandua chaza mzimamzima kwa chuma, wakala, makombe yakaishia tanuuni kuchomwa chokaa. Bibi yetu, mzaliwa wa Kigombe, kwao haikuwa hivyo. Walifungua kombe la juu tu, wakatoa nyama, la chini likabaki jiweni ili watoto wa chaza wapate pa kushika.

Akaanza kuomba makombe nyumba kwa nyumba. Mimi nyuma yake na tenga kichwani, shingo inauma, maji ya chaza yananichuruzika mgongoni, nanuka. Jirani mmoja hakuacha kumtania.

"Shikamoo bibi. Leo unaipelekea bahari nini?"

"Marahaba. Nairudishia vyombo vyake. Nikikaa navyo, itanipakulia na nini?"

Maji yakipwa tulikwenda kuyabana makombe katikati ya mawe, tukayafunga kwa kamba ya usumba wa nazi yasichukuliwe na mawimbi. Siku moja bibi aliumwa mguu, akanituma peke yangu. Jua kali, mawe yako mbali, na wenzangu wanacheza rede. Nikamwaga tenga zima kwenye tope karibu na njia, nikarudi, nikasema tayari.

Alipopona akaenda mwenyewe. Tope lilikuwa limeyameza yote. Nilingoja kofi. Bibi akafunga kanga yake vizuri, akakaa palepale topeni, akaanza kuchimbua kombe mojamoja. "Umewazika hata hawajazaliwa," akasema, basi. Nikachimba naye mpaka maji yakaanza kujaa, nalia, na sijui kama aliniona.

Ikapita masika, wakaonekana: wadogo kama ukucha wa mtoto mchanga, wameng'ang'ania makombe. Nikataka kula. Bibi akakataa mpaka ipite masika nyingine. Ilipopita, akamwita kwanza yule jirani mtani. Tukawala palepale kwa ndimu na pilipili, wana utamu wa chumvi ambao sijaupata tena popote, hata shuleni bwenini nilikuwa nauota. Jirani alikula, akauliza makombe ya kwake ayaweke wapi.

Nimesoma sana tangu hapo, lakini sijaona mwalimu mwenye subira ile. Sasa bibi hayupo, jirani amehama, na juzi nilipokwenda kule mawe yamekwanguliwa tena, meupe. Rundo lile nyuma ya nyumba ndilo bibi alilokuwa akilikusanya mpaka mwisho. Likiingia tanuuni, hatuna lingine.

Mchoma chokaa anakuja kesho adhuhuri. Maji yanakupwa asubuhi. Nikimaliza sala ya alfajiri naanza kubeba, tenga kwa tenga, mpaka kwenye mawe yenyewe. Wifi amesema atashika upande wa pili. Mumewe, kaka yangu, bado hajaambiwa.