Hita ya Baba Wema

Feliksi, jirani yangu hapa Gungu, si mtu wa kuita fundi. Ukimwambia bati linavuja, yuko juu ya paa kabla hujamaliza kusema. Kazi yake ni injini za boti huko mwaloni Kibirizi zinakoegeshwa, mwaka wa ishirini na sita huu, na wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kama yeye hajasikiliza mlio wa injini. Pasi yangu aliitengeneza yeye. Redio ya marehemu mume wangu pia. Kwa hiyo sitajifanya nilikuwa na akili kuliko wengine. Kila alipotengeneza kitu nilimsifu, na sifa anazipenda huyo!

Hita aliinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishwa, aliyekuwa akiuza vitu asivyotaka kusafiri navyo. Ni pipa jeupe linalofungwa juu ya ukuta wa bafu na kuchemsha maji kwa umeme. Mtaa mzima tulikwenda kunawa mikono. Feliksi alisimama mlangoni akitutazama usoni mmoja mmoja, aone kama tumeshangaa vya kutosha.

Binti yake wa pekee, Wema, ameolewa Kidahwe na kijana anayeitwa Nickson. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao kujifungua, na mama yake ndiye anayemkanda. Basi Machi, mvua zikiwa zimekolea, Wema akaja na tumbo lake, na haikupita wiki akapata mtoto wa kiume. Mama yake, Veneranda, akaanza kazi: asubuhi na jioni, maji ya moto na kitambaa, halafu uji. Siku ya nne hita ikafa.

"Tutawasha mkaa," Veneranda alisema.

"Mkaa!" Feliksi aliruka kama katukanwa. "Mzazi yumo ndani, hita ipo ukutani, wakwe wakija wakute unapuliza jiko? Watasema nini?"

Nilimwambia ampigie simu Mwinshehe, fundi umeme aliyefunga waya nyumba nyingi za huku. Alimpigia kweli. Mwinshehe alikuwa Kasulu, akasema atarudi Jumatatu na kitu kisiguswe. Feliksi alikata simu akacheka.

"Injini ya boti naifungua nikiwa katikati ya ziwa, na mawimbi yananipiga. Pipa la maji ndilo litanishinda?"

Alikwenda mjini akanunua koili mpya, kile chuma kinachochemsha maji, akafungua pipa, akatoa koili iliyoungua. Hapo hakukosea. Kosa lilikuwa kwenye nyaya. Alikuta tatu, na yeye anajua mbili. Kwenye boti una betri, una chanya na una hasi, na hasi unaifunga kwenye bodi ya chuma ya injini, basi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofundisha wenzake. Ule waya wa kijani unaoshuka mpaka ardhini nje ya nyumba aliuona wa bure, akaukata. Ule wa hasi akaufunga kwenye bodi ya pipa. Kiungo akakisokota kwa mkono na kukiviringishia mpira wa tyubu, kama afanyavyo Kibirizi. Akawasha, na baada ya nusu saa maji yakatoka yanafuka moshi. Jioni hiyo alitembea mtaani akiwasalimia hata watu asioelewana nao.

Ijumaa Wema alitoka kuoga akijishika kiganja.

"Data, maji yanauma." Data ndiyo baba kwa Kiha.

"Yanauma kwa sababu ni ya moto," Feliksi alijibu.

"Siyo moto. Nikishika bomba, kuna kitu kinanitembea mkononi."

"Mwili wa mzazi huo. Unasikia kila kitu."

Nami nilikuwepo, nachambua mchele na Veneranda, nikadakia kwamba baridi ya uzazi ndivyo ilivyo, hata mimi nilipomzaa Diana wangu viganja vilikufa ganzi. Nilisema hivyo kwa kinywa changu hiki, na hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi Wema alisema tena. Jumapili asubuhi Veneranda mwenyewe alitoka bafuni akitikisa vidole.

"Baba Wema, mimi sijazaa jana. Lile bomba linauma."

Feliksi aliingia bafuni kwa hasira, akashika bomba, akatugeukia. "Kiko wapi?"

Miguuni alikuwa na katambuga zake, zile ndara za tairi la gari. Veneranda aliziona.

"Sisi tunaoga peku," alisema. "Vua."

Alivua. Akakanyaga saruji iliyolowa, akashika bomba kwa mkono wa kulia. Wema alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, mimi nyuma yake. Nilimtazama Feliksi usoni, na uso haukucheza hata kidogo.

"Hakuna kitu," alisema.

Akavaa katambuga zake upesi. Simu ilikuwa imeshaita mara mbili: boti iliyotoka Kagunga imezimika injini, watu wanamsubiri. Nilidhani ndiyo haraka yake. Akaondoka.

Jioni, kama saa kumi, mimi nikiwa bado kwao, Wema alichukua kanga yake. Mama yake akamwambia asubiri kidogo, amchemshie maji kwa mkaa.

"Data ameshika mwenyewe," Wema alisema. "Kama yeye amesema, basi."

Akampa mama yake mtoto, akaingia. Tulisikia ndoo ikianguka, halafu sauti ambayo siwezi kuiita kilio. Veneranda alinitupia mtoto akakimbilia bafuni. Nilipiga kelele, "Usimguse! Usimguse!" na mtoto kifuani nikakimbia barazani kushusha swichi kubwa. Sijui nani aliniongoza. Tulipoingia, Wema alikuwa chini, macho wazi, kiganja kimeungua, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, amelala mapajani mwetu.

Jumatatu Mwinshehe alifungua pipa. Alitazama ndani, halafu akavuta kile kiungo cha mpira wa tyubu. Kilikuwa kimeachia.

"Mzee, hii si betri," alisema taratibu. "Hasi ukiifunga kwenye bodi, siku kiungo kikilegea umeme wote unahamia kwenye pipa na kwenye maji. Na njia ya kuutoa ulishaikata. Huyu binti Mungu kampenda."

Feliksi aliokota waya wa kijani sakafuni akautia mfukoni.

Jumanne tulimkuta Wema ameketi kitandani, mtoto amelala kando yake, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Nickson alikuwa amefika kutoka Kidahwe na shangazi yake. Alimwamkia mkwewe vizuri, shikamoo baba, akainama. Shangazi hakuinama.

"Nasikia binti alilalamika siku mbili kwamba maji yanauma," alisema. "Mkamwacha aingie tu?"

Nilitazama chini. Veneranda alifungua kinywa, lakini Wema alimwahi.

"Shangazi, msimseme data. Alivua katambuga akashika bomba mwenyewe, mbele yetu. Kungekuwa na kitu angesema."

Feliksi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na mkono umo mfukoni, kwenye ule waya. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akijua, hata mkewe hakujua, na binti yake alikuwa amekwisha kumtetea.

"Iliniuma," alisema.

Hatukumwelewa mara moja. Akautoa mkono mfukoni, akaonyesha kwenye kiwiko.

"Iliniuma mpaka hapa, Wema. Nilitaka nikirudi niifungue kimyakimya. Ningezima swichi kabla ya kuondoka, lakini mngejua nimekosea."

Wema hakulia. Alimtazama baba yake kiwikoni, pale pale alipoonyesha, kana kwamba kulikuwa na alama.

"Ulipotoka kwenda Kibirizi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akamgeukia shangazi.

"Nibebee mtoto. Nikiruhusiwa, nitakandwa kwenu."