Niliifundisha Kumwelewa Mama

Sipendi kulisimulia jambo hili, na nikilisimulia huwa naanza na sifa zangu ili uchungu uje baadaye. Nilikuwa hodari. Katika chumba cha kupanga pale Voi, watu watatu na feni moja mbovu, tulitengeneza programu ya simu ambayo mtu anaiamrisha kwa mdomo. Hakuna kubonyeza, hakuna kusoma. Unasema unataka mitungi mingapi ya maji na uko wapi, na mwendesha bodaboda aliye karibu anapata oda yako kwa maandishi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama yangu. Aliishi peke yake Sagalla, mlimani, ambako mfereji hukauka miezi mingi, na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Kila Jumatatu asubuhi alisema maneno yaleyale: mitungi minne, nyumbani kwake, nyuma ya kanisa. Programu ilimjibu, naye akaijibu. "Haya, asante, mwambie asichelewe."

Kisha ikaanza kumkataa. "Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia." Kazini kwetu, kila amri iliyoshindikana iliwekwa kando ili mmoja wetu aisikilize, na za mama nilizisikiliza mimi. Alirudia mara tatu, mara nne. "We mashine, umeziba masikio?" Wenzangu walicheka. Mimi nilipandwa na hasira, kwa sababu nilidhani kosa nimelijua: programu ilifundishwa kwa sauti za watu wa mjini, na Kiswahili cha mama kimebeba Kisagalla chote. Nikaapa haitamdharau tena. Kwamba miezi ya kwanza ilimwelewa bila shida, hilo sikujiuliza.

Nikachukua sauti zake, nikaanza kuifundisha. Nilisikia mwenyewe kwenye hedifoni jinsi maneno yalivyomtoka mazito, yakiburuta, kama mtu mwenye uji moto mdomoni. Nilisikia, nikaandika pembeni: lafudhi. Wiki iliyofuata ikamwelewa. Wiki ya pili matamshi yake yakateleza tena kidogo, nami nikamfuata, nikaifundisha upya. Akateleza, nikamfuata. Baada ya miezi miwili oda zake zote zilipita, tukanunua soda, tukapigiana makofi.

Kumpigia simu nilimpigia, Jumapili, tena mbiombio. "Salama," alisema. "Nimechoka tu." Akakata yeye kwanza, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya.

Mchana mmoja yule mwendesha bodaboda aliyempelekea maji, mtu mzima mwenye wajukuu, alinipigia.

"Dada, huwa mnaongea na mama lakini?"

"Kwani kuna nini?"

"Mimi nikifika pale siku hizi simskii vizuri. Anaongea, mimi naitikia tu. Lakini oda yake inakuja sawa kabisa."

"Si unaona? Programu inamwelewa," nikamwambia, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno.

"Sawa, dada," akasema.

Jumatatu iliyofuata alimkuta mama ameketi chini mlangoni, upande mmoja wa mwili umekufa, simu mapajani. Oda ilikuwa imeshatumwa, mitungi minne, bila kosa hata moja. Aliiacha mitungi palepale, akatafuta gari la jirani, wakamteremsha hadi Voi.

Hospitalini daktari alimpima, kisha akanieleza kwamba mishipa midogo ya kichwani ilikuwa imeziba mmoja mmoja, kwa muda mrefu, kabla ya ule mkubwa kuziba siku hiyo. Mara nyingi watu wa nyumbani huona dalili, alisema, hasa mtu anapoongea. Wakiwahi, kuna mengi ya kufanya. Alishika kalamu.

"Matamshi yake yalianza kubadilika lini?"

Siku nilikuwa naijua. Saa na dakika nilikuwa nazijua. Sauti zake zote zilikuwa kwenye kompyuta ndani ya begi langu, zimepangwa tarehe kwa tarehe, na kila moja niliisikiliza si chini ya mara kumi. Niliona aibu na woga, na woga ndio uliojibu.

"Hivi juzi tu, daktari."

Akaandika. Mama, ambaye masikio yake hayakuwa na shida yoyote, alinitazama kwa muda, kisha akageuza uso ukutani.