Stempu yenye Mtungi wa Mama

Mama yangu anafinyanga vyungu na mitungi hapa Nyamwage tangu sijazaliwa. Siku moja mtoto wa dada yangu alipiga simu kutoka Dar es Salaam: "Mwambieni bibi ametokea kwenye stempu!"

Nilidhani atafurahi. Badala yake alinawa udongo mikononi, akaingia ndani. Alikuwa amewakumbuka wageni waliokuja kupiga picha za ufinyanzi. Siku hiyo walimkuta uani, kanga moja kifuani, kichwa wazi. Aliwaruhusu wapige picha mtungi tu. Kamera ilichukua mpaka wapi, hakujua.

"Sasa nitalambwa na watu nisiowajua," aliniambia. "Kisha karani anigonge muhuri wa uso. Kichwa wazi, mwanangu, na utu uzima huu!"

Nilijizuia kucheka, maana macho yake yalikuwa mekundu. Siku nne hakugusa udongo, wala hakwenda darasani na wanawake wenzake msikitini, akihofu wameshaiona. Yule mjukuu naye kumbe hakuiona stempu yenyewe, alisikia tu. Siku ya tano nikamwambia mama twende posta Kibiti tukajionee.

Karani, mwanamke kijana, alimwamkia mama, akatandaza karatasi ya stempu mbele yetu. Mama akafumba macho.

"Tazama wewe kwanza," akaninong'oneza.

Nikaona mtungi wa maji, mwekundu, shingoni una mistari ile anayoichora mama kwa kipande cha kifuu. Umeshikwa na mikono miwili iliyojaa udongo hadi viwikoni. Basi.

"Ni mikono tu, mama."

"Na kichwa?"

"Hakuna kichwa."

Alifumbua macho, akaisogeza karatasi karibu na pua. "Alhamdulillahi," akasema, akaketi kwenye benchi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

"Kwani mikono hii ni yako, mama?" karani aliuliza.

"Yangu. Hukioni kidole kilichopinda?" Akakinyoosha. Karani akawaita wenzake waje waone.

"Ila mwanangu, wameandika chungu," mama akamwambia karani. "Chungu ni cha kupikia. Huu mtungi. Waambie huko wanakoandika."

Kwenye basi alimsimulia mwanamke aliyekaa naye, tangu ile simu ya mjukuu. Mwanamke huyo aliposhuka Ikwiriri, mama alimgeukia abiria aliyechukua kiti chake, akaanza upya.