Mtu 'Dynamic' Hasubiri

Nichekeni leo nicheke nanyi. Chama cha ushirika kiliponipunguza kazini Njombe, niliona tangazo la ghala moja la Makambako: anahitajika msimamizi, mtu 'dynamic'. Neno sikulijua. Mwalimu jirani yangu akanifafanulia: "Ni mtu asiyengoja kusukumwa. Akikuta mambo yamelala, anayabadilisha hapo hapo." Nikaandika barua kwamba mimi ni dynamic, tena mtoto wa mkulima wa viazi. Jembe lenyewe nililiacha tangu darasa la saba.

Siku ya usaili Hajati, mwenye ghala, aliniambia nimsubiri ndani. Mtu dynamic hasubiri. Niliona viazi vimetandazwa kwenye vichanja, vimeota machipukizi. Nikavua koti, nikayang'oa yote, kiazi kimoja kimoja, hadi ndoo mbili zikajaa.

Hajati alirudi na wakulima nyuma yake. Akashika kichwa. "Nani kavunja mbegu za watu? Wiki tatu nangoja ziote, leo wenyewe wamekuja kuzichukua."

Humo ghalani vilivyokuwa dynamic ni vile viazi tu, na nilikuwa nimevikomesha.

"Halafu barua inasema wewe mtoto wa mkulima wa viazi," akasema. "Mkulima gani huyo?"

Nikainua macho. Wa pili kwenye foleni, gunia tupu begani, alikuwa baba yangu. Akanitazama, akatazama ndoo.

"Simjui," akasema. "Labda baba yake analima mahindi."